Kiti cha mwenyekiti kwenye bodi ya shule ndogo

Anayekubali kuongoza bodi ya shule ndogo kwa kujitolea hujiandaa kwa mambo makubwa: matokeo ya watoto, madarasa, walimu wazuri. Yanayomnyima usingizi ni mengine. Usiku huu nayafikiria, na la kwanza ni akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali.

Chukua bodi ya viti saba ambayo katiba yake inataka zaidi ya nusu wawepo, yaani wanne. Viti viwili viko wazi, maana mjumbe aliye mzazi huiaga bodi mwanawe akihitimu. Wamebaki watano. Kama katiba inahesabu viti vyote na si wajumbe waliopo, wawili wakipata udhuru hakuna kikao halali, hata kama watatu waliofika wanakubaliana kwa kila neno. Tena mjumbe mmoja akiwa ndiye anayeiuzia shule madawati, lazima atangaze maslahi yake na kutoka nje ununuzi huo unapojadiliwa. Je, bado anahesabika kwenye akidi? Katiba nyingine husema ndiyo, nyingine hapana, nyingine zimenyamaza. Jibu litafutwe kabla ya kikao, si watu wakiwa wameshakaa mezani. Mimi naamini viti vilivyo wazi vijazwe kabla ya kugusa jambo jingine lolote.

Kisha saini za akaunti ya shule, watia saini wanapobadilishwa. Benki kwa kawaida hutaka muhtasari wa kikao halali unaotaja nani anaondolewa, nani anaingia na malipo yatahitaji saini ngapi. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho, herufi kwa herufi. Jina la utani au herufi moja iliyorukwa inatosha kurudisha barua, na wakati huo mishahara imekwama. Ndiyo maana mweka saini wa zamani asiachiwe kuondoka mpaka mabadiliko yakamilike. Wawekwe watatu, na wawili wowote watoshe. Mmoja akiugua, kazi inaendelea. Kuacha hundi tupu zenye saini "kwa dharura" ni kukubaliana na wizi ambao haujatokea bado.

Fedha zenyewe hudanganya macho. Tuseme matumizi ya mwaka ni mafungu 100, ya shule yenye mihula mitatu, na kila muhula unakula kama 33. Ada huingia 45 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 25 wa tatu. Mwisho wa muhula wa kwanza akaunti ina 12, na hapo ndipo hutokea hoja ya kupaka rangi au kununua viti. Zile 12 si ziada hata kidogo: 3 zitaliwa muhula wa pili, karibu zote zilizobaki muhula wa tatu. Mweka hazina alete jedwali la mwezi kwa mwezi, salio tupu halitoshi.

Linaloumiza zaidi, kwangu, ni malalamiko. Mzazi humsimamisha mwenyekiti njiani na kumweleza kuhusu mwalimu fulani. Ni vigumu kumkatiza mtu mwenye uchungu wa mtoto. Lakini mwenyekiti hana mamlaka peke yake. Bodi huamua ikiwa imeketi. Utaratibu wa kawaida ni mwalimu kwanza, halafu mwalimu mkuu, halafu bodi kwa maandishi. Mwenyekiti akishasikiliza upande mmoja na kutoa maoni, shauri likija kwa rufaa itabidi ajitoe, na akidi inarudi kuwa ya mashaka. Amsikilize kwa heshima, amwelekeze pa kuanzia, asiahidi lolote. Habari ya usalama wa mtoto haisubiri ngazi hizo: inapelekwa siku hiyohiyo kwa mhusika wa ulinzi wa watoto, na akiwa yeye ndiye anayelalamikiwa, moja kwa moja kwa mamlaka za nje ya shule.

Muhtasari wa kikao uandikwe ndani ya siku mbili, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Kila azimio liwe na jina la mtekelezaji na tarehe. "Bodi itafuatilia" haina mwenyewe, na kikao kijacho itarudi kwenye yatokanayo, yaani mambo ya kikao kilichopita, vilevile ilivyoondoka.