Gari Lililoondoka kwa Gia ya Tatu

Yule mama alifika gerejini kwetu Mabibo, Dar es Salaam, mwaka 2014, siku zile Barabara ya Morogoro ilipokuwa imechimbuliwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka. Hata gari hajalizima, alikuwa ameshaanza kueleza. Kilima cha Kimara kimemshinda. Akitoka kwenye foleni gari linakuwa zito, injini inanguruma, halitembei, na nyuma wanampigia honi. Lakini likishakolea mwendo, linakwenda vizuri kabisa.

Fundi wa kwanza alikuwa amemwambia giaboksi imekufa, akatafute ya mtumba kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani na aandae shilingi 1,200,000. Mama alikuwa muuguzi mstaafu. Gari lile, saluni ndogo ya Kijapani ya otomatiki, alilinunua kwa mafao yake, na ndilo lililowapeleka wajukuu zake shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia mna mashine ya kupimia."

Tulikuwa nayo, ya miezi miwili tu. Tuliichangia fedha mimi na Mjomba, mwenye gereji, mzee aliyeanzia ufundi kwenye malori na ambaye hadi siku hizo alitambua ugonjwa wa giaboksi kwa kuisikiliza na kuinusa oili yake. Mimi ndiye niliyeililia mashine hiyo. Nilitaka gereji yetu iache kukisia.

Nilichomeka kebo kwenye soketi yenye matundu 16 chini ya dashibodi, nikafungua swichi, nikaingia upande wa giaboksi. Ikatoka namba moja: P0753, hitilafu ya umeme ya soleinoidi A, moja ya vali ndogo za umeme zinazoongoza oili ya kubadilishia gia. Nikaomba tukazunguke. Mama aliendesha, mimi kando yake na mashine mapajani, nimefungua ukurasa wa laivu data, unaoonyesha gari linavyofanya kazi wakati uleule. Tukasimama, tukaondoka, na mstari wa gia ukasoma 3. Gari lilikuwa linaanza safari kwa gia ya tatu.

Furaha niliyoipata pale naikumbuka mpaka leo. Giaboksi ile ilikuwa na gia nne, na soleinoidi mbili ndizo zilizozipanga, kwa kuwaka na kuzimika kwa zamu. Gia ya kwanza na ya pili zote zinahitaji A iwake. A ikikosa umeme, zinabaki ya tatu na ya nne. Ndiyo maana kilimani gari lilikufa nguvu, na kwenye tambarare likapona. Klachi za ndani hazikuteleza, oili ilikuwa nyekundu na haikunuka kuungua. Giaboksi ilikuwa nzima, nami nilimwambia mama hivyo kwa sauti, barabarani.

Hapo ningeishia, ningekuwa fundi mzuri. Lakini niliongeza: "Soleinoidi ndiyo imekufa, mama. Tunabadilisha, basi."

Akatoa shilingi 70,000, kijana akatumwa Gerezani. Nikamwaga oili, nikashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, nikafunga soleinoidi nyingine, nikajaza oili mpya, nikafuta ile namba. Tukatoka. Kabla hatujafika Ubungo, kwenye shimo la kwanza la maana, gari likapoteza gia na taa ikawaka. P0753, ileile. Mama hakusema neno. Aliangalia mbele tu, mikono kwenye usukani, na kimya chake kiliniumiza kuliko kama angenifokea.

Mjomba alikuwa akinawa mikono tuliporudi.

"Mashine imeandika nini?"

"Soleinoidi A, umeme."

"Imeandika soleinoidi imekufa?"

"Hapana, Mjomba."

"Umeme wake unatoka wapi?"

"Kwenye kontrolboksi, kompyuta inayoiongoza giaboksi."

"Unapita wapi mpaka ukafike?"

Sikujibu. Nilichukua multimita, kile kipimo cha umeme. Nilichomoa soketi ya giaboksi na ya kontrolboksi, nikapima waya wa soleinoidi A toka ncha hadi ncha. Ukasoma chini ya ohm 1, mzima. Nikamtazama Mjomba. Akasema, "Sasa tikisa." Nikaanza kuutikisa mkungu wa waya, shubiri kwa shubiri, macho kwenye kioo cha mita. Nilipofika chini ya trei ya betri, namba zikaruka, zikapotea, zikarudi.

Tuliitoa betri. Ilikuwa kubwa kuliko trei yake. Mtu aliyeifunga, mama hakumbuki ilikuwa mwaka gani, aliikunja bati ya trei ili iingie, na ukingo wa ile bati ukaukalia mkungu wa waya. Kila shimo la barabarani lilikuwa likiusaga. Ngozi ya waya mmoja ilikuwa imeisha. Zimebaki nyuzi mbili tatu za shaba, zimeshika ukungu wa kijani. Gari likiwa limetulia zilitosha kuidanganya mita. Likirukaruka, zinaachana.

Nilikata sehemu iliyooza, nikaunga kipande kipya, nikalehemu, nikavisha mpira, kisha tukaunyoosha ukingo wa bati na kuuhamisha mkungu mbali nao. Kazi ya nusu saa. Nikafuta namba. Safari hii tulikwenda mpaka Kimara na tukasimama katikati ya kilima kwa makusudi. Mstari ukasoma 1, kisha 2, kisha 3, na mama akacheka kwa sauti, akanipiga begani.

Tuliporudi niliiokota ile soleinoidi ya zamani kwenye sinia la vyuma chakavu. Nilikuwa sijaipima kabla ya kuitupa. Ohm 13. Ya aina ile ikiwa nzima husoma kati ya 11 na 15.

Nikamwonyesha mama. Nikamweleza kwamba nilimnunulisha kitu ambacho gari lake halikuhitaji, nikamrudishia 70,000 zake. Oili nayo sikuidai. Alizihesabu, akazitia kwenye pochi, maana zilikuwa zake. Kisha akanyoosha mkono tena.

"Na hicho pia nipe. Si umesema ni kizima?"

Nilikifuta oili, nikakifunga kwenye gazeti, nikamkabidhi. Akakiweka juu ya dashibodi, akaweka gia, na gari likaondoka jepesi kuelekea getini.