De-ashi-barai: nilivyoacha kupiga teke nikaanza kufagia

De-ashi-barai ndiyo mbinu ya kwanza kabisa ya judo katika Gokyo, mpangilio wa mbinu 40 za kuangusha wa Kodokan, shule mama ya judo, uliorekebishwa mwaka 1920. Ukiitazama tu, ni ngwala: mwenzio anapiga hatua, unaufagia mguu wake, anakwenda chini. Mimi niliipiga kama mtama wa uwanjani, kwa nguvu zote, nikaambulia miundi iliyovimba, yangu na ya wenzangu. Kilichonitoa hapo ni kurudi kwenye hoja ya Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, kuhusu neno "ju", yaani ulaini au kupisha, na kuifuata kama maelekezo ya kazi.

Kano alifungua Kodokan mwaka 1882, akiwa na miaka 21, ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Ukumbi ulikuwa wa mikeka 12, yaani mita za mraba 20 hivi. Alikuwa mtu wa umbo dogo. Jujutsu, mapigano ya mikono ya Kijapani yaliyozaa judo, alikuwa ameianza katika shule ya Tenjin Shin'yo-ryu, kisha akahamia shule ya Kito-ryu kwa mwalimu Iikubo Tsunetoshi. Mwaka 1885 hivi, katika randori, yaani mazoezi ya kukabiliana kwa uhuru, akaanza kumwangusha Iikubo mara kwa mara, mwalimu ambaye hadi hapo ndiye aliyekuwa akimwangusha yeye. Alipoulizwa amefanyaje, akaeleza kwamba amechunguza namna ya kumyumbisha mtu kwanza, ndipo amtupe. Kuyumbisha huko ndiko kunakoitwa kuzushi, na kwangu ndio moyo wa judo yote.

Hesabu yake ni hii. Mpinzani ana nguvu 10, mimi 7. Akinisukuma nami nikakaza, nitarudi nyuma tu. Nikimpisha kwa kadiri ileile anayosukuma, anainama mbele, anayumba, na nguvu anayoweza kuitumia inashuka hadi 3. Yangu bado ni 7, na nusu yake inatosha. Lakini Kano hakuishia kwenye kupisha. Aliona kwamba mtu akikukumbatia kwa nyuma hakuna cha kupisha, kwa hiyo akatafuta kanuni pana zaidi: seiryoku zen'yo, kutumia nguvu ya mwili na akili pale tu inapozaa matunda.

Sasa mguuni. Mwenzangu akipiga hatua mbele kwa mguu wa kulia, kuna muda mfupi sana ambapo wayo umeshagusa mkeka lakini uzito haujakaa juu yake. Hapo ndipo 10 imekuwa 3. Ukiwahi, mguu bado uko hewani nao unapita bila kumwangusha. Ukichelewa, umepiga nguzo, na hapo ndipo miundi inapovimba. Nguvu ya teke haina msaada katika kosa lolote kati ya hayo mawili.

Muda huo sikuupata kwa macho. Ukitazama chini unainamisha kichwa, mgongo unapinda, na mwenzio anajua unachotaka. Niliupata kwa mikono: wa kushoto umeshika mkono wa kulia wa jaketi lake, chini kidogo ya kiwiko, na wa kulia umeshika kola usawa wa mfupa wa bega. Uzito unapoanza kuhamia mguu wa mbele, kola inashuka kidogo kwenye vidole vyako. Viwiko vikiwa vimekazwa hutaisikia.

Zoezi lililonifaa: mwenzio anatembea mbele kwa mwendo wa kawaida, wewe unarudi nyuma, na unafagia hatua ya tatu tu. Asianguke, atembee tu. Tulivuka ukumbi mara 10, kisha tukabadilishana. Goti la mguu unaofagia limenyooka, nguvu inatoka kiunoni, na ukingo wa kidole kidogo unateleza juu ya mkeka bila kuinuka. Wayo umegeuzwa ndani, kama unataka kuuonyesha ukuta wa pembeni, ili uukumbatie mguu wake upande wa nje, chini ya kifundo. Ukigusa kwa vidole au kwa mfupa, umerudi kwenye teke. Mikono inafanya kazi wakati huohuo: wa kushoto unavuta chini kuelekea nyonga yako, wa kulia unainua, kama unazungusha usukani. Mguu peke yake humwacha mtu akirukaruka kwa mguu mmoja.

Ikikubali, utashangaa jinsi ilivyo nyepesi. Mimi hupima kwa sauti: teke hutoa "pa!" ya mfupa, ila mfagio mzuri hausikiki hadi mwili utue.

Mwili huo unatua kwa kasi, maana miguu yote miwili imekwenda upande mmoja. Kano aliweka kanuni ya pili, jita kyoei, ustawi wa wote, wewe na mwenzio, na katika mbinu hii inakaa kwenye mkono wa kushoto. Wengi huuachia wakifurahia kuangusha. Usiuachie. Anapokaribia chini, uvute juu mkono wake wa jaketi: bega linainuka, kidevu anakibana kifuani, kichwa hakigusi mkeka, na mkono wake ulio huru unapiga mkeka kando ya paja. Kisha anasimama, na hatua ya tatu inayofuata ni yake kufagia.