Bodi ya Zamani Juu ya Chasisi Nyingine: Kila Kitu Kinaanzia Ekseli ya Mbele

Wengi wakitafuta chasisi (fremu ya chini inayobeba injini na magurudumu) ya kubeba bodi ya gari la kale huangalia namba moja tu: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Namba hiyo ni ya lazima, lakini peke yake hudanganya. Chasisi mbili zenye umbali uleule zinaweza kuliweka gurudumu la mbele mahali tofauti kabisa na ukuta unaotenganisha injini na kebini. Nyuma kuna nafasi ya kurekebisha. Mbele hakuna, kwa kuwa madigadi, boneti, grili, rejeta na usukani vyote vinafuata mstari mmoja. Gurudumu likikaa nje ya katikati ya tao la madigadi, hata asiyejua magari ataona kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Mfano mzuri ni kazi inayofanywa sana Marekani: kebini ya pikapu ya Chevrolet 3100 ya miaka ya 1947 hadi 1953 juu ya chasisi ya pikapu ya Chevrolet S-10. Ile 3100 ina inchi 116 kati ya ekseli, yaani mm 2,946. S-10 yenye kebini ya kawaida na karia (sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo) fupi ina inchi 108.3, yenye karia ndefu 117.9, na yenye kebini ndefu 122.9. Inayofaa ni ile ya 117.9, iliyozidi kwa mm 48 tu. Kwa ziada hiyo mimi nisingekata chasisi. Madigadi ya nyuma ya 3100 yamefungwa kwa bolti ubavuni mwa karia, basi toboa matundu mapya uyasogeze nyuma kidogo, na karia nayo uisogeze kidogo. Ukigawa mm 48 hivyo, hakuna atakayezitambua.

Kabla ya kufungua bolti hata moja, maliza kuziba kutu ya bodi ikiwa bado juu ya chasisi yake ya asili. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Chasisi ya zamani ndiyo kipimo pekee kinachojua milango ilivyokaa na nguzo zilivyosimama. Ukiinyanyua kebini yenye sakafu iliyooza, itajikunja winchini, na utakuja kuchomelea sakafu mpya kwenye umbo lililopinda. Kwa hiyo badilisha kwanza sakafu, pembe za chini na sehemu za kukalia bolti. Kisha funga milango, hakikisha nafasi pembeni mwake ni mm 4 hadi 5 pande zote, halafu chomelea bomba za mraba za mm 25 kwa 25, zenye unene wa mm 2, zikipishana kwa umbo la X ndani ya uwazi wa milango, na nyingine kutoka kushoto kwenda kulia. Ziweke ndani kiasi cha kuruhusu milango ifungwe na kufunguliwa. Zitatolewa mwisho kabisa.

Gari likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake kwenye sakafu iliyo sawa, dondosha timazi kutoka katikati ya kila gurudumu na utie alama ya chaki. Andika umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ukuta wa injini, hadi katikati ya tao, na hadi ncha ya bampa, pamoja na urefu kutoka sakafuni hadi chini ya mlango, mbele na nyuma. Namba hizi ndizo utakazozitafuta upya kwenye chasisi mpya.

Chasisi mpya nayo ipime kabla hujailipia. Chagua matundu ya kiwandani yanayolingana kushoto na kulia, pima mishazari, yaani kutoka kona moja hadi kona ya upande wa pili, na tofauti ikizidi mm 3 shuku ajali. Ikishavuliwa kila kitu hujitokeza jambo lingine: bila uzito wa injini na bodi springi huinyanyua juu sana, na vipimo vyote vya urefu huwa vya uongo. Toa springi za mbele, weka chuma kigumu mahali pa shokabzoba, na ufunge mkono wa chini unaoshika gurudumu ukiwa kwenye kimo chake cha kawaida cha kutembelea. Nyuma fanya vivyo hivyo. Tumia matairi yale yale yatakayobaki kwenye gari.

Sasa shusha kebini juu ya vipande vya mbao, kisha funga sehemu yote ya mbele: madigadi, grili, boneti. Kulinganisha kwa kebini pekee hakutoshi, maana kosa la mm 10 kwenye ukuta wa injini linaweza kuzidi likifika kwenye grili. Sogeza mpaka gurudumu liwe katikati ya tao, kisha rekebisha mbao hadi sehemu ya chini ya mlango iinamie mbele nyuzi 1 hadi 2. Usichomelee chochote bado. Weka injini na giaboksi, angalia kama feni inabaki na angalau mm 25 kabla ya kugusa rejeta, kama kichwa cha injini kinagonga ukuta, na kama giaboksi inahitaji handaki (mwinuko wa sakafu unaoifunika) kubwa zaidi. Handaki jipya la bati la mm 1.2 ni kazi rahisi. Kuirudisha injini nyuma baada ya kuchomelea vishikio vyake si rahisi hata kidogo.

Vishikio vya bodi vitengeneze kwa bati la mm 4 hadi 5, kila kimoja kikiwa na pembetatu ya kukitia nguvu, na kati ya kishikio na bodi pakae raba. Usichomelee bodi moja kwa moja kwenye chasisi. Chasisi ya pikapu hujisokota barabarani, na bodi isiyo na raba huanza kupasuka kwenye pembe za sakafu na chini ya nguzo za milango. Kaza bolti kwa mkono kwanza, rekebisha milango kwa washa nyembamba chini ya raba, ndipo ukaze kabisa.

Kama urefu umezidi sana na kukata ni lazima, kata kwenye sehemu iliyonyooka kati ya kishikio cha nyuma cha kebini na pale chasisi inapopanda juu ya ekseli. Mkato wa wima ulionyooka ni dhaifu. Kata kwa ngazi, ili mshono wa juu na wa chini visikae mstari mmoja, kisha weka bati la kuimarisha lenye unene usiopungua ule wa chasisi na ncha zilizochongwa kama almasi, kwa kuwa mshono wa wima mwishoni mwa bati ndipo ufa unapoanzia. Choma mm 25 hadi 40 kwa mara moja, hamia upande wa pili, acha ipoe. Ukichoma mfululizo chasisi itavutwa na mishazari itakuwa imekwenda. Pima kila baada ya mshono.

Upana ni tatizo la pili kwa ukubwa. Chasisi ya S-10 ni nyembamba kuliko 3100, hivyo magurudumu huzama ndani ya madigadi. Dawa ni rimu zenye kina kidogo cha ndani, kuliko spesa (vipande vya kusogeza rimu nje) nene zinazoongeza mzigo kwenye bolti na beringi. Usinunue rimu mpaka uwe umepandisha gurudumu kwa jeki hadi mwisho wake, ukakata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, na kuhakikisha haligusi.

Shafti ya usukani hupenda njia iliyonyooka. Kila kiungo cha kupinda kibaki chini ya nyuzi 30, na vikiwa vitatu lazima beringi ishike shafti katikati, la sivyo itayumba. Breki za 3100 zilikuwa na masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, chini ya sakafu. Ukiihamishia kwenye ukuta wa injini, weka nyuma yake bati la angalau mm 3 ili ukuta usinepe. Uwiano wa pedali, yaani inavyozidisha nguvu ya mguu, uwe karibu 6 kwa 1 bila busta (kifaa cha kusaidia breki) na karibu 4 kwa 1 ukiwa na busta. Anayechanganya haya mawili hupata pedali ngumu kama jiwe au breki inayonata kwa kugusa tu.

Propela shafti ikifupishwa isawazishwe upya. Mwelekeo wa giaboksi na wa difu viende sambamba, na kila kiungo kifanye kazi kwa nyuzi 1 hadi 3. Sifuri kabisa nayo ni mbaya, maana beringi za kiungo hazizunguki na hujichimba mahali pamoja.

Kama tangi la mafuta la asili liko nyuma ya kiti ndani ya kebini, liache, tumia la chasisi mpya. Kumbuka tu geji: za General Motors za kabla ya 1965 husoma ukinzani wa ohm 0 hadi 30 kutoka boya la tangini, wakati nyingi za baadaye hutumia 0 hadi 90, kwa hiyo geji ya zamani itakuonyesha tangi limejaa muda mrefu baada ya kuanza kupungua. Na kwa kuwa raba hutenganisha bodi na umeme wa chasisi, funga nyaya nene za ardhi, moja kutoka injini hadi chasisi, nyingine kutoka chasisi hadi kebini. Taa zikififia ukibonyeza honi, mara nyingi ni dalili kwamba waya huo haupo.

Kuhusu namba ya chasisi, nenda ofisi ya usajili kabla ya kukata chochote, kwa sababu nchi nyingi hulitambua gari kwa chasisi na wala si kwa bodi.

Likishatembea km 100, rudi chini yake ukakaze bolti zote za bodi, kwa sababu raba mpya hubonyea. Baada ya hapo ndipo upange magurudumu ya mbele, maana springi nazo zitakuwa zimetulia.