Coaster ya Wajumbe

Julai 2015 nilikuwa naendesha Coaster ya kukodi Arusha, nikapata kazi ya kuwapeleka wajumbe Dodoma, kwenye Mkutano Mkuu wa CCM wa kumpata mgombea urais. Tulipita Singida, maana njia ya Kondoa ilikuwa bado vumbi na makorongo.

Makada 38 walikuwa wamerudisha fomu, lakini mle garini lilitajwa jina moja tu: Edward Lowassa, mbunge wa Monduli. Tangu Makuyuni ni nyimbo na vigelegele, "safari ya matumaini" mwanzo mwisho. Mama mmoja wa siti ya nyuma hakuimba. Alimenya karanga zake akiangalia nje. Kumbe alikuwa kambi ya Bernard Membe, na wenzake walijua, ndiyo maana siti ya pembeni yake ilibaki na mabegi.

Gesti za Dodoma zilijaa, nikalala garini. Baridi ya Julai pale si ya mchezo, upepo unapenya hata kwenye mpira wa dirisha. Usiku wa tarehe 10 Kamati Kuu ilikaa hadi saa mbaya. Ilishapita saa sita nilipogongewa kioo na mzee mmoja wa msafara wetu, kada wa tangu enzi za TANU, simu mkononi.

"Kijana, nisomee hapa. Miwani nimeiacha ndani."

Yalikuwa majina matano yaliyopitishwa na Kamati Kuu: Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali, January Makamba.

"Soma tena."

Nikasoma.

"Sasa anzia chini."

Nikaanzia chini. Akachukua simu yake, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi habari ikawa ni ya wajumbe watatu wa Kamati Kuu, waliowaita waandishi usiku uleule na kujitenga na uamuzi. Kwenye mgahawa, watu wa wilaya moja walikunywa chai meza tofauti. Mmoja akamrushia mama yule: "Haya, furahini sasa!" Akajibu taratibu, "Wangu yumo, baba, lakini siwezi kufurahi. Chama hiki nakijua." Tukasikia kwamba Mwenyekiti, Rais Kikwete, alipoingia kwenye Halmashauri Kuu siku hiyo, baadhi ya wajumbe walimpokea kwa wimbo wa kuwa na imani na Lowassa. Jambo hilo sikuwahi kulisikia ndani ya CCM, chama ambacho watu hununia chumbani na kucheka sebuleni.

Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Membe naye hayumo.

Magufuli sisi madereva tulimjua kama waziri wa barabara na mizani, mtu wa kuogopwa na wenye malori. Urais hatukuwahi kumpigia hesabu. Mkutano Mkuu ukampa kura 2,104. Amina Salum Ali 253, Migiro 59. Abiria wangu walitoka ukumbini wakiimba jina lake, hata waliokuwa wamelia jana yake. Sauti zilikuwa kubwa kupita kiasi, kwa maoni yangu.

Kurudi, ugomvi ulianzia Manyoni: nani alipokea bahasha ya nani, nani alipeleka maneno. Mzee na mama hawakuchangia. Mabegi yalikuwa yameondolewa, wamekaa siti moja, na Singida waligawana kuku mmoja wa kienyeji wakicheka vitu vyao ambavyo sikuvisikia.

Tarehe 28 Julai Lowassa akahamia Chadema. Agosti nikakodiwa tena, na nikakuta nusu ya sura nazijua, safari hii wamevaa kombati za Chadema. Nikamwuliza mmoja, mzee wa miwani yuko wapi?

"Yule amebaki na wenye chama," akasema, akafunga mlango kwa nguvu. "Na wewe dereva, upo upande gani?"

Nikamwambia upande wa usukani, na kwamba bado wananidai nusu ya mafuta.

"Sisi ndio tunakudai?"

"Samahani, mheshimiwa. Mimi ndiye ninayewadai ninyi."

Wakachangishana palepale, kwa manung'uniko.