Maziwa Hayatoshi, au Yanadhaniwa Hayatoshi?

Muulize mama aliyeacha kunyonyesha mtoto akiwa na miezi miwili au mitatu. Mara nyingi atakujibu: maziwa hayakutosha. Wapo ambao maziwa yao ni machache kweli, kwa mfano baadhi ya waliofanyiwa upasuaji wa matiti, lakini ni wachache. Kwa wengi maziwa yalikuwepo, ila hawakuwa na namna ya kuyapima, maana ziwa halina alama za mililita kama chupa.

Kipimo kipo kwenye nepi na kwenye mizani. Kuanzia siku ya 5 hivi, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, na mkojo hauwi wa njano iliyokolea. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, lakini upungufu ukikaribia asilimia 10 mkunga amwangalie. Wengi huwa wamerudi kwenye uzito wa kuzaliwa wakitimiza wiki 2. Mama anayejua haya hatishwi na kilio cha jioni.

Asiyejua hutishika, na wa kumtisha hawakosekani. Mtoto wa wiki 3 au 6 anaweza kushinda ziwani jioni nzima, na matiti yaliyokuwa yakijaa mpaka yanauma sasa ni laini. Jamaa wanasema yamekauka. Inaletwa chupa ya maziwa ya kopo, mtoto analala muda mrefu, na kila mtu anaona dawa imepatikana. Lakini ziwa ambalo halikunyonywa hupunguza utengenezaji, kwa hiyo kesho maziwa ni pungufu kweli na chupa ya pili inafuata. Ushauri wa kuruka kunyonyesha usiku ili mama apumzike una madhara hayohayo, kwani homoni ya kutengeneza maziwa, prolaktini, hupanda zaidi usiku. Mtoto mchanga anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo.

Sababu ya pili ya kuacha kunyonyesha ni maumivu, na hapa mama huambiwa avumilie. Asivumilie! Chuchu ikipasuka, aghalabu mtoto ameshika chuchu tupu. Mgeuze tumbo lake lielekee lako, pua iwe usawa wa chuchu, umguse mdomo wa juu kwa chuchu, usubiri apanue kama anayepiga miayo, kisha umlete yeye kwenye ziwa, usimpelekee ziwa. Akishika vizuri, kidevu kinagusa ziwa, mdomo wa chini umepinduka nje, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini. Ikiuma, ingiza kidole safi pembeni ya mdomo wake, mwachishe, uanze upya; chuchu ikitoka imebanwa kama ncha ya rangi ya mdomo, hakuwa ameshika vizuri. Kuonyeshwa haya na mtu mwenye ujuzi ndani ya siku chache za kwanza kunamsaidia mama kuliko mabango ya "maziwa ya mama ni bora".

Halafu kuna kazi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na mama akirudi apewe muda wa kunyonyesha unaolipwa kama saa za kazi. Nchi nyingi hazijauridhia, na kwingine muda upo ila chumba hakuna, mama anaambiwa akakamue chooni. Anayetaka kuendelea aanze kujizoeza kukamua wiki 2 kabla ya kurudi, na akiwa kazini akamue kila baada ya saa 3 hivi. Akipitisha sana, matiti yanajaa, yanaweza kuvimba na kuleta homa, na maziwa yanapungua.

Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 kwenye joto la nyuzi 25 au chini yake, siku 4 kwenye friji, na miezi 6 kwenye friza. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya vuguvugu. Maikrowevu huyachemsha upande mmoja na kumwunguza mtoto.