Mwenye alifika wa kwanza na chakula

Kuna hadithi moja ya Bulgaria haitoki mu kichwa yangu tangu juzi, na kibaya niliisoma nikiwa nimekaa pale kaka anajenga nyumba yake, huku Kadutu, mu Bukavu, masoni, yaani waashi, wanavuta uzi wa ukuta mbele yangu.

Iko hivi. Ndugu watatu wa tumbo moja, wote masoni, wanajenga daraja. Mchana linapanda, usiku linaanguka. Wakala kiapo: bibi yetu mwenye atafika wa kwanza na chakula asubuhi, huyo njo tutamjengea ndani ya ukuta. Usiku wakubwa wawili wakawanong'oneza bibi zao, mdogo akanyamaza, ati kiapo ni kiapo. Sasa nani alifika wa kwanza? Yule hakuambiwa kitu, mwenye aliamka mapema akapika akabeba! Wanampandishia mawe mpaka shingoni, yeye analia tu wamwachie nafasi ya ziwa, mtoto apate kunyonya. Na daraja lenyewe liko mpaka leo, juu ya mto Struma, la mwaka 1470, na kijiji kinaitwa Nevestino, neno la bibi arusi.

Mimi chenye kinanikasirisha si hata ukuta. Ni kwamba bidii yake njo ilimuua, mvivu angepona.

Petko Todorov, mwandishi wao mwenye alizaliwa 1879, alichukua habari hii akaiandikia tamthilia, Zidari, yaani Masoni, na daraja likageuka kanisa. Hapo njo ninaona alifanya kazi, juu mu hadithi ya zamani hakuna mwenye anamuuliza mwanamke kitu, lakini ku jukwaa mtu hawezi kusimama bubu, lazima aongee, aonekane iko na roho yake na mtu anapenda, na kijiji nacho kinataka kanisa lake, sasa wewe mtazamaji unabaki umekaa katikati hujui ushike upande gani.

Nyuma, ati masoni wa kule wakaacha kujengea watu mu ukuta, wakawa wanapima kivuli cha mpita njia na uzi, uzi unawekwa mu ukuta, na walisema mwenye kivuli hamalizi siku 40.

Saa sita mama mmoja akafika na ugali na sambaza, samaki wadogo wa huku, mtoto mgongoni, wenzake bado. Nikamwambia, mama, usisimame karibu na huo uzi. Akanicheka sana.