Ua la Muhogo Saa Saba Mchana

Nilikwenda Unguja kwa harusi ya binti wa ami yangu, na harusi ilipita salama. Nauli iliniumiza: basi kutoka Muheza hadi Dar es Salaam, kisha boti, na mjini nyumba ya wageni wakanitoza elfu sitini kwa usiku mmoja, chumba hakina dirisha, feni inalia kama mgonjwa. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba ni bei ya msimu. Mimi si mtalii. Mtu aliyekuja kumwozesha ndugu yake analipa sawa na aliyekuja kuota jua, na hadi leo sijaona haki yake.

Ila ninaandika kwa sababu ya sahani ya muhogo.

Asubuhi ya pili ya harusi, Bububu, tuliletewa muhogo wa nazi na nguru wa kukaanga. Nikachukua kipande, nikakipasua kwa vidole, nikakitazama ndani. Kingine, vivyo hivyo. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akipakua akaniona.

"Mbona waukagua, mwanangu? Kuna nini?"

Nikamwambia ukweli. Nyumbani kwetu muhogo haupasuliwi tena bila hofu. Mama yangu amepanda muhogo wa aina ya Kibandameno tangu sijazaliwa. Sasa mche unasimama vizuri, majani mabichi, labda yale ya chini tu yana manjano pembeni mwa mishipa, ukiungoa na kuukata unakuta mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama gome. Mwaka jana alingoa mistari miwili akapata cha kupika siku tatu. Miezi kumi na miwili ya kupalilia, na ugonjwa huu wa michirizi ya kahawia haukumwonyesha kitu mpaka alipotia kisu.

Yule mama akaweka upawa chini. "Basi kesho njoo Kizimbani. Kazi yangu ndiyo hiyo."

Daladala ikaacha njia ya pwani pale Bububu, ikapanda kwa Kidichi. Wenzangu wote waliokuwa wageni walikuwa wakienda kunusa karafuu na mdalasini, maana Kizimbani inajulikana kwa viungo tangu enzi za masultani. Mimi nilishuka nikauliza shamba la utafiti, nikaelekezwa, nikamkuta yule mama amefunga kanga kiunoni, mkononi ana vifuko vya chandarua vidogo, kila kimoja hakizidi kiganja.

Nakiri kwamba nimezaliwa katikati ya mihogo na sikuwahi kulitazama ua lake. Dogo, manjano yenye wekundu, halina harufu ya kumwita mtu. Mama akanionyesha: katika kishada kimoja ya kike yako chini, ni makubwa kidogo, nayo hufunguka kwanza. Ya kiume ya juu hufuata wiki moja au mbili baadaye. "Dume lake likiamka, jike limeshapita," akasema. Kwa hiyo mume hutafutwa kwenye mche mwingine, na hapo ndipo mtu anapoingia kati. Maua ya kike huvishwa kifuko kabla hayajafunguka, nyuki asije akatangulia. Asubuhi hukusanywa ya kiume kutoka mche uliochaguliwa, yakatiwa kwenye kichupa. Kisha wanangoja jua.

Tulingoja kuanzia saa nne. Tulikaa chini ya mwembe, tukala embe na chumvi, akanisimulia watoto wake watano. Saa sita na nusu akainuka. Ilipokaribia saa saba akavua kifuko cha kwanza, na ua lilikuwa wazi. Akashika ua la kiume kwa ncha za vidole, akaligusisha katikati ya la kike, polepole, kama mtu anayempaka mtoto wanja. Ua moja la kiume hutosha matatu ya kike. Akarudisha kifuko, akafunga kibandiko chenye jina la mama, jina la baba na tarehe. Halafu akanipa kichupa.

"Fanya wewe."

Mkono ulinitetemeka. Nilifanya sita. Sijui kama nimewahi kufanya kazi ndogo namna ile nikaihisi kubwa vile.

Kijana mmoja mtafiti alikuja tukiwa tunamaliza, akakaa nasi. Yeye ndiye aliyenieleza kilichonisumbua kichwa njia nzima ya kurudi. Kile tunachokiita mbegu ya muhogo, kile kijiti, si mbegu. Ni mche uleule, umekatwa ukapandwa pengine, na kama mama yake ni mgonjwa naye anazaliwa na ugonjwa. Mbegu ya kweli ni hii ya ndani ya tunda, tatu kwa kila tunda, na hakuna mbili zinazofanana. Tunda likikomaa, baada ya miezi kama mitatu, hupasuka lenyewe na mbegu zikaruka, ndiyo maana kifuko hakivuliwi. Kila mbegu hupandwa, na katikati ya mistari wanapanda kwa makusudi mihogo iliyokwisha kuugua, ili inzi weupe, vidudu vidogo vinavyoeneza ugonjwa huu, wavichukue virusi na kuvisambaza. Mwaka ukitimia wanangoa, wanakata kila mzizi vipande, wanaupa alama kuanzia moja hadi tano. Maelfu huanza, michache hubaki. Iliyobaki hupandwa tena, na tena, miaka minane na zaidi, kisha hupikwa na wanakijiji wakaulizwa. Maana muhogo mzima usioiva ukatoa unga chunguni, hapa hakuna atakayeupanda.

Mwaka 2007 ilitoka mihogo minne mipya: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, yote majina ya vijiji vya hapa Unguja.

Kisha akaniuliza natoka wapi. Niliposema Muheza, akacheka kwa furaha. "Mambo haya yameanzia kwenu."

Amani, kituo cha zamani cha utafiti wa kilimo. Nimepanda milima ile mara ngapi, nikiwa mwanafunzi, nikaona majengo ya zamani ya Wajerumani na bustani ya miti. Pale ndipo mtafiti H. H. Storey alipoueleza ugonjwa huu wa michirizi ya kahawia kwa mara ya kwanza, mwaka 1936. Pale ndipo yeye na mwenzake Nichols walipoozesha muhogo na mti wa mpira, ule wa jamii ya muhogo, wakirudia kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata mizizi inayolika na damu inayostahimili ugonjwa. Uzao wa Amani ulivuka hadi Nigeria, ukawa mzazi wa mihogo mingi inayohimili batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, barani Afrika. Mpira! Mama yangu hutupikia kisamvu cha mpira kwa nazi, na hakuna aliyetuambia kwamba mti ule uliosimama nyuma ya choo ni mkwe wa muhogo wetu.

Jioni jirani wa yule mama akanifungia vijiti vitano vya Machui. Nilivifunika kwa shuka ndani ya begi.

Bandarini mkaguzi aliviona. Akaniuliza cheti cha kusafirisha mimea, sina. Akaviweka pembeni bila kunikaripia, akasema anayeuvusha ugonjwa bahari hii ni mtu mwenye begi. Nilitaka kubishana. Nilitaka kumweleza mistari miwili ya mama yangu. Lakini nilikuwa nimetoka kusikia jana yake kwamba kijiti kinaweza kuonekana kizima na kumbe kimebeba maradhi, na mdomo haukufunguka.

Nilifika Muheza mikono mitupu. Nikamsimulia mama kila kitu, naye akataka kujua ua likoje, nikamchukua shambani kwake tukalitafuta hadi tukalipata. Akalitazama muda mrefu. Nikamwomba asirudishe ardhini vijiti vya miche iliyooza. "Na nipande nini?" akasema. Jumatatu nitakwenda kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano kuuliza mbegu safi.

Jana usiku ulikuja ujumbe wa sauti kutoka Kizimbani, nyuma yake jogoo anawika. Katika yale sita yangu, mawili yameshika, yamevimba.